Maswali ya Wasomaji: Kulala hemani ukingoni mwa Rufiji

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mtu wa Dar anaweza kutoka wikiendi akaenda kulala kwenye hema pembeni ya mto Rufiji, pale Mloka karibu na geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na asirudi na madeni. Basi meseji zimemiminika, nyingine ndefu kuliko hata makala yenyewe. Nimechagua tano, na zile zinazofanana nimezijibu humo humo.

Dada habari ya kazi. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa tisa, tunataka kutoka siku mbili tatu bila watoto. Nimeuliza bei kempu mbili, moja ipo ndani ya hifadhi na nyingine ipo nje kijijini, tofauti yake karibu mara tatu! Mume wangu anasema hiyo ya nje ni utapeli, rahisi ina sababu yake. Halafu anauliza kwa nini tusijichange tu twende Serengeti. Nifanyeje? — Mama wa watatu, Tabata

Hongera sana dada, miaka kumi siyo mchezo. Shemeji hajakosea kuuliza, rahisi kweli ina sababu, ila sababu yenyewe siyo utapeli. Kempu ikiwa ndani ya hifadhi kuna tozo za kulala humo kila usiku, na nyie wageni kiingilio kinahesabika kila siku mnayokuwa humo, halafu kila kitu kuanzia gesi mpaka mchele kinabebwa mpaka porini kabisa. Hiyo ya nje ipo kwenye ardhi ya kijiji, kiingilio mnalipa siku ile tu mnayovuka geti, siku nyingine mnakaa zenu kibarazani mnaangalia mto. Na mto hauna geti dada yangu. Kiboko anayeunguruma mbele ya kempu ya bei mbaya ni huyo huyo anayeunguruma mbele ya ile ya kijijini, na tembo wakishuka kunywa maji hawaulizi nani kalipa ngapi.

Hema lenyewe msilifikirie kama lile la skauti la kuingia kwa kuinama. Mengi ya pale ni turubai zito limesimamishwa juu ya sakafu ya saruji au ya mbao, juu yake kuna paa la makuti la kukinga jua, ndani kitanda cha kawaida na neti, nyuma unafungua zipu unakuta choo na bafu, na bafu lenyewe mara nyingi halina paa, unaoga huku unaziona nyota. Umeme ni wa sola, kwa hiyo chaji simu mchana na pasi ya umeme acha nyumbani. Maji ya moto pengine hamtayapata na sidhani kama mtayakumbuka, bonde la Rufiji joto lake mnalijua watu wa Dar, ndiyo lile lile, tena bila upepo wa bahari.

Sasa nikwambie ninavyofanya mimi nikitafuta kempu ya bei nafuu. Nakata kwenye kitanda, nakata kwenye bafu, nakata kwenye menyu, lakini sikati kwenye askari wa usiku na sikati kwenye boti. Kwa hiyo piga simu, usiishie kwenye picha, uliza bei ni ya mtu mmoja au ya hema zima, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia, wanasikia namba wanadhani ni ya wawili wakifika wanaambiwa zidisha mara mbili. Uliza ni fulu bodi, yaani milo yote imo, au kitanda na chai tu, kwa sababu mkishafika pale hakuna mgahawa wa kukimbilia usiku. Uliza boti ni ya kuchangia na wageni wengine au lazima mkodi nzima. Uliza kutoka hemani mpaka ukingoni ni hatua ngapi na huo ukingo umeinuka kiasi gani, na usiku askari wangapi wanakesha. Mtu aliyepo kempuni kweli atakujibu haya bila kujikuna, atakwambia hema namba fulani lipo chini ya mti fulani. Anayebabaika na kukusukuma ulipe nusu leo leo kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, mwache.

Kuhusu Serengeti, nzuri na nyie ni haki yenu kwenda, ila mwambie shemeji hii Nyerere ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini, kilomita za mraba 30,893, zaidi ya mara mbili ya Serengeti. Ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Na kiingilio cha Mtanzania ni kwa shilingi, hela ndogo sana ukilinganisha na dola anazotoa mgeni, chukueni tu vitambulisho vyenu vya taifa. Inaniuma kila nikikaa kwenye boti nakuta Mtanzania ni mimi na nahodha, wakati hii mali ni yetu na ipo njia moja na Mkuranga. Septemba ni wakati mzuri mno, porini kumekauka, wanyama wanasogea mtoni.

Shikamoo dada. Mimi ni muoga jamani sitaki kudanganya. Marafiki zangu wameshalipa na mimi wamenilipia, sasa nasikia viboko wanatoka majini usiku wanazunguka kempuni, na hema ni kitambaa! Kweli mnyama haingii? Na nikibanwa haja usiku? — Muoga, Kigamboni

Marahaba mdogo wangu. Woga wako ni wa akili, usiuonee aibu, mimi nawaogopa zaidi wale wasioogopa.

Ni kweli viboko wanatoka. Jua likizama wanapanda ukingoni kwenda kula majani, kiboko mkubwa anaweza kula kama kilo 40 usiku mmoja, na kabla hakujapambazuka anarudi majini. Anapita njia zake zile zile miaka yote, mchana muombe muongozaji akuonyeshe moja, utaona mifereji miwili imechimbika na katikati kumebaki tuta la majani, kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia imekaa mbali mbali. Kempu iliyojengwa na watu wanaojua haiweki hema kwenye njia hiyo. Sasa hema likiwa limefungwa zipu, kiboko analiona kama kichuguu tu, kitu kimesimama hakisogei, anakizunguka anaendelea kula. Utamsikia anakata majani kwa midomo, krap, krap, krap, karibu kabisa na kichwa chako, na utadhani yumo ndani, hayumo. Hatari yake ni wewe kusimama katikati yake na maji, hapo anaona umemkatia njia ya nyumbani na anakuja mbio ambazo kwa mwili ule huwezi kuziamini. Kwa hiyo usiku hutoki hemani peke yako hata hatua tano, na alfajiri hukimbilii ukingoni kupiga picha ya jua wakati bado kuna giza giza. Choo kama kipo nyuma ya hema humo humo ndani, haja yako haina shida. Kama ni cha nje cha pamoja, mwambie askari akusindikize, ndiyo kazi yake, usimuonee haya.

Ila kuna kitu nataka ujue ambacho kilinifundisha kwa gharama. Mwaka fulani, mwezi wa kumi na mbili, nilipita Mkuranga nikanunua maembe dodo, si unajua yale ya msimu, nikala njiani yakabaki mawili nikayatia kwenye begi nikayasahau. Kempu ilikuwa rahisi kweli na waliniambia askari yupo, ukiwa na shida mulika tochi mara tatu. Saa nane usiku naamka nasikia kitu kinapumua. Siyo kukoroma, ni pumzi ndefu, kama mtu anapuliza moto wa mkaa polepole. Halafu kamba ya hema ikavutwa ikalia ting! na turubai la upande wa miguuni likaanza kuingia ndani taratibu, kitu kinalipapasa kutoka nje, juu, chini, juu, kikasimama usawa wa begi. Mkonga. Nikamulika tochi mara tatu kwenye kidirisha cha upande mwingine, kimya, nikamulika tena, kimya. Nikaja kujua asubuhi askari alikuwa mmoja tu na alikuwa kawasindikiza wapishi kijijini. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mgeni wa hema la jirani, alininong'oneza kutoka kitandani kwake, "Binti yangu zima tochi, lala chini, usiongee." Nikalala chini sakafuni na saruji inanigandisha mgongo, na tembo akahema hapo muda ambao mpaka leo siwezi kukwambia ni dakika ngapi, halafu akaondoka zake na wala sikusikia hatua. Mnyama mkubwa hivyo anaondoka kama paka.

Kwa hiyo mdogo wangu, tunda, biskuti, juisi, hata ganda la ndizi, usilale nalo. Kabidhi jikoni wakufungie stoo. Na wale marafiki zako waambie wapige simu leo waulize swali moja, usiku askari ni wangapi, na mmoja akiondoka nani anabaki.

Dada naomba kuuliza kwa kifupi, nina mtoto wa miaka minne na mama yangu ana miaka 68, tunaweza kwenda nao? Na vipi kuhusu malaria na ndorobo? — Baba Junia, Mbezi

Mnaweza, ila waambie kempu kabla, kwa sababu kila sehemu ina utaratibu wake wa umri, hasa kwenye boti, na safari ya kutembea kwa miguu porini na askari mwenye bunduki mtoto wa miaka minne hapelekwi. Kwenye geti aliye chini ya miaka mitano halipi kiingilio, beba cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto huyo ashikwe mkono muda wote kempuni, mchana pia, maana hakuna uzio. Mama muulizie kuhusu ngazi za kushukia kwenye boti, sehemu nyingine ukingo umesimama wima na ngazi ni za udongo, na kuna siku nimeona mama mtu mzima anarudi hemani na machozi kwa sababu hakuweza kushuka na hakuna aliyemwambia mapema.

Malaria ipo, lala ndani ya neti, jipakeni dawa ya mbu jioni, vaeni mikono mirefu, na kwa mtoto onana na daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga. Mkisharudi, homa yoyote hata baada ya wiki mbili tatu nendeni mkapime, msiseme ni uchovu. Ndorobo, au mbung'o, wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana ile mitego yao ya vitambaa mnayoiona imening'inizwa porini imeshonwa kwa rangi hizo hizo. Sasa jinzi yako ya bluu unayoipenda iache Mbezi, vaeni kaki, rangi ya udongo, kijani iliyopauka. Na nguo nyepesi inayobana wanauma juu yake, vaeni iliyolegea. Maji ya mto msiguse hata kwa miguu, kuna mamba na kuna kichocho, mtoto akitaka kuchezea maji muwekeeni beseni.

Kaka zangu na dada zangu wa gazeti, sisi ni vijana sita wa Chanika, gari hatuna, wawili tuna pikipiki. Tunafikaje Mloka na je tunaweza kuingia hifadhini na pikipiki? Tunataka kwenda Pasaka. — Vijana wa Chanika

Pikipiki hifadhini hapana wadogo zangu, haziruhusiwi, na ukiwaza kidogo tu utaelewa kwa nini, simba haoni kioo hapo. Mpaka Mloka mnaweza kwenda nazo lakini nawashauri mpande basi. Njia ni barabara ya Kilwa, Mbagala, Mkuranga, mpaka Kibiti lami, halafu Kibiti mnakunja kulia mnaiacha lami mnaingia njia ya vumbi kupitia Mkongo, kama kilomita mia moja za kutikisika. Mwenye gari ajaze mafuta Kibiti. Anzeni asubuhi sana, msiingie hiyo njia jioni.

Ila Pasaka! Pasaka inaangukia kwenye masika, Machi au Aprili, na ile njia ikinywa maji inakuwa uji, na kempu nyingi hufunga mpaka mvua ziishe. Na siyo matope tu. Nyie mnakumbuka Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji na Kibiti, watu walihama nyumba, mashamba yalizama. Kempu ya ukingoni ipo kwenye bonde hilo hilo. Mtu akiwapa bei ya kutupwa kwa mwezi wa nne msikimbilie kulipa. Sogezeni mpaka Juni au Julai, tena usiku kuna kibaridi kitamu, mnalala vizuri.

Kwa hela, nyie sita ndiyo mna bahati, kwa sababu kinachokula bajeti pale siyo hema, ni gari la kuzungukia hifadhini, na gari bei yake ni ile ile muwe wawili au sita. Gawanyeni. Kama bado ni nzito, muachane na gari kabisa, chukueni boti tu, na muulize kempu kama wanaruhusu kuja na mahema yenu wenyewe, hapo mnalipia uwanja, choo na maji, askari yupo yule yule.

Mwandishi, naona mnawasifia tu. Mimi baba yangu ni Mndengereko, tumekulia mto huo. Tangu wajenge bwawa huko juu mto siyo ule. Hao watu wanaenda kuangalia nini? — Mzawa wa Utete

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuandika, sina ubishi na wewe. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mitambo yake tisa ya umeme kwa jumla ni ya megawati 2,115, na mto ukishawekewa mlango hauwezi kupanda na kushuka kama alivyouzoea babu. Nyie mliokuwa mnasubiri maji yapande yashuke ndipo mpande mlau, yale mazao ya kwenye udongo mbichi ulioachwa na mafuriko, hilo limewagusa kwenye sahani, siyo kwenye picha, na mgeni anayekwenda pale kwa siku mbili inafaa alisikie kutoka kwenu. Ndiyo maana nawaambia wasomaji wakifika Mloka wamchukue kijana wa hapo hapo awaongoze, wanunue ndizi na samaki sokoni kijijini, wakae wasikilize wazee.

Lakini mzee wangu, cha kuangalia bado kipo. Mara ya mwisho nilipanda boti saa kumi jioni. Nahodha alikata injini karibu na ukingo mmoja mwekundu uliosimama kama ukuta, umetobolewa matundu mamia, nikadhani ni risasi. Mara ndege wadogo wa kijani wenye koo jekundu wakaanza kutoka kwenye yale matundu, mmoja, watano, wote, keremkerem, wanachimba wenyewe wanataga humo ndani. Chini yao kwenye kipande cha mchanga mamba kalala kaachama mdomo, anapunguza joto, na boti ikawa inasukumwa na maji tu bila kelele tukampita hatua chache, jicho lake likatufuata na mwili haukusogea. Mbele zaidi kuna mivumo imekufa, imebaki vigogo virefu bila kichwa vimesimama ndani ya maji, na juu ya kimoja tai mla samaki anaita. Viboko wakaibuka upande wa kulia, masikio kwanza, nikahesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Tulikuwa abiria wanne na hakuna aliyekuwa anaongea. Nahodha, mtoto wa Kindengereko kama wewe, alikaa mkono kwenye usukani anasubiri wale viboko wachague upande, hakuwapita kwa nguvu, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba baba yake alimfundisha hivyo hivyo kwenye mtumbwi, kiboko ukimuona kazama usisogee, subiri aibuke ujue alipo.

Wasomaji, hiyo boti ya saa kumi nafasi zake huwa chache na inajaa haraka, mkifika tu mapokezi kabla hata ya kushusha mabegi andikisheni majina.